Verna Eila Kangas, Mbisha Hodi wa Wilaya Yetu (1949–2024)

Marehemu Verna Eila Kangas alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, katika shamba la ng'ombe wa maziwa nje kidogo ya Tapiola, Michigan. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Arvo na Hilja Kangas, ambao wote wametangulia.

Alisoma shule ya kijijini, akaifikia akijua Kifini tu, lugha ya nyumbani kwao. Majira ya baridi ya kwanza alirudi nyumbani mikono mitupu, vidole vimekufa ganzi.

"Glavu ziko wapi?" mama yake aliuliza.

"Zimepata mtu."

Mama alimfumia nyingine. "Hizi nazo zikipata mtu," alimwambia, "atakayekosa ni wewe." Kaka yake, Waino, anasema zile za pili hazikumaliza wiki.

Alihitimu chuo kikuu huko Marquette mwaka 1972, akaajiriwa mwaka huohuo kuwa ofisa wa ustawi wa jamii wa wilaya. Kazi hiyo aliifanya miaka arobaini na miwili. Kutwa alikuwa barabarani, kwenye theluji, akibisha hodi. Aliwatembelea watoto waliolelewa na familia zisizo zao. Aliwasindikiza akina mama mahakamani, akasihi wenye nyumba wasimfukuze mtu katikati ya baridi. Mzee mmoja wa msituni alikataa kuoga tangu afiwe na mke; Verna alikwenda kila Alhamisi kunywa naye kahawa, bila kulitaja jambo hilo, hadi mzee mwenyewe akasema, "Wewe binti, washa moto wa sauna basi, nioge, naona unateseka."

Kazi ile ilikuwa na sharti lake. Mtu aliyemhudumia, Verna akikutana naye dukani, hakumsalimu mpaka asalimiwe yeye kwanza, watu wasije wakauliza wamejuana wapi. Wengi hawakumsalimu. Alipita kati ya rafu za duka kama mgeni, katika mji ambao alijua jina la kila mtoto.

Mwaka 1978 aliolewa na Reino Maki, dereva wa gari la kuondoa theluji. Jioni Reino aliuliza, "Leo kumekuwaje?" naye alijibu, "Salama." Baada ya miaka mitano Reino alisema, "Verna, nimeoa neno moja." Waliachana bila ugomvi. Hawakujaliwa mtoto.

Aliyembakia ni jirani yake, Marlys Aho. Kila Jumapili Verna alikula kwake. Februari 1986 mume wa Marlys aliangukiwa na mti kazini, akafa, na Marlys akaanza kunywa. Verna alimsihi, akaleta chakula, akamwita dada yake Marlys kutoka Escanaba, lakini haikufaa kitu. Siku moja ya Novemba alikuta kwa Marlys jiko la kuni limezimika na watoto wawili wamelala na makoti yao, mama yao hajaonekana tangu jana. Aliketi nao, akapiga simu ofisini kwake mwenyewe. Ofisa mwingine akaja kuwachukua, wakapelekwa kwa mama yao mdogo Escanaba.

Marlys alimjia mlangoni.

"Ulikuwa unakula mezani kwangu, Verna."

"Nilikula, shoga yangu. Ndiyo maana niliona watoto hawali."

"Usikanyage kwangu tena."

"Sitakanyaga."

Marlys aliacha pombe, na watoto wakarudi Pasaka ya 1988. Verna alizisikia sauti zao akiwa jikoni kwake. Hakwenda. Kwa miaka zaidi ya thelathini, Marlys alipotoka nje, Verna aliyekuwa barazani aliingia ndani, ili mwenzake asipate tabu ya kugeuza uso.

Alistaafu mwaka 2014. Septemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Hospitalini, binti mmoja wa ustawi wa jamii alimuuliza, "Mama, nani wako wa karibu? Nani atakupikia ukirudi nyumbani?"

"Hilo swali nimewauliza watu maisha yangu yote," alisema Verna. "Sikujua ni zito hivi."

Mpwa wake, Elsa, alitoka Duluth kuja kumuuguza. Ni Elsa aliyefungua mlango siku moja ya Desemba, akamkuta mwanamke mzee ameshika mkate wa iliki.

"Nasikia hali yake si nzuri. Mwambie ni Marlys. Akikataa, naondoka."

"Aingie," Verna aliita kutoka kitandani. "Na asivue viatu, sakafu ni baridi."

Marlys aliketi kando ya kitanda. "Walikuwa wanangu, Verna."

"Najua."

"Bado nakuchukia kidogo."

"Kidogo kinavumilika," alisema Verna, akaomba kipande cha mkate.

Marlys alikuja kila siku tangu hapo. Alikuwepo asubuhi ya tarehe 19 Januari 2024, Verna alipofariki nyumbani kwake. Ardhi ilikuwa imeganda, haichimbiki, na mwili ukahifadhiwa kwenye chumba cha makaburini kungoja baridi iishe. Leo, tarehe 11 Mei, udongo umelainika, na tunamlaza kando ya wazazi wake.

Marehemu ameacha kaka, Waino Kangas, mpwa, Elsa, na Marlys Aho, aliyeomba jina lake lisomwe pamoja na wafiwa. Familia imekubali.

Verna, umetembea vya kutosha. Lala, upumzike kwa amani.