Katuni Zangu Katika Ukuta wa Mama

Bwana apewe sifa, ndugu zangu. Nawasalimu nikiwa na akili timamu, na hilo ndilo neno la kwanza la ushuhuda wangu, kwa sababu kulikuwa na majira ambapo watu wa Nyamira hawakuwa na hakika nalo, wala mimi mwenyewe.

Nikiwa shule ya msingi, miaka ya sitini, gari la sinema lilikuja uwanjani likatuonyesha katuni ya paka mtundu aliyevaa kofia. Baadaye nilimkuta paka yule yule katika kitabu cha picha, kwenye duka la Mhindi mjini Kisii, ambako watoto wa mwenye duka waliuza vitabu walivyokwisha kusoma. Nikaanza kukusanya. Kufikia wakati wa chuo kikuu, sanduku langu la bati lilijaa vitabu vya zamani ambavyo havikuchapishwa tena, kila kimoja ndani ya mfuko wa nailoni, kwa mfuatano wa matoleo.

Ndugu zangu, kukusanya si dhambi. Nimelipima jambo hilo kwa muda mrefu. Lakini miaka ya sabini, tasnifu yangu ya shahada ya pili ilipokataliwa, nilirudi nyumbani nimevunjika, nikajificha ndani ya sanduku lile. Nilihofia unyevu, nilihofia mchwa, nilihofia kutu kwenye pini zinazoshika kurasa. Nilifungua, nikakagua, nikafunga, kisha nikashuku kwamba sikukagua vizuri. Sikuzungumza na mtu. Mchumba wangu, Kemunto, alisubiri neno langu, nami sikuwa nalo. Kwao walisikia kwamba msomi amerukwa na akili. Wakatuma habari: wazee watakuja kuona boma, kama ilivyo desturi yetu, na hapo wataamua iwapo binti yao ataolewa huku.

Siku ya kuamkia ugeni nilikwenda Kisii kununua sukari na mkate. Mama alibaki akiitengeneza nyumba. Kwetu, wageni wa uchumba hawakaribishwi kwenye ukuta mtupu. Udongo hufunikwa kwa magazeti. Mama hakuwa na magazeti. Alipika uji mzito wa unga, akafungua sanduku langu.

Niliporudi, nilimkuta paka ameenea sebule nzima.

“Tata,” Mama aliniambia, kama akina mama wa kwetu wawaitavyo wana wao, “umeona? Hata nyumba ya chifu haina rangi hizi. Nimebandika kurasa zote.”

Zote. Tena kila karatasi ina kurasa mbili, na mmoja ulikuwa umegandishwa kwenye udongo. Niliketi chini. Nilimwomba Mungu jambo moja tu: nisianguke mbele ya wageni.

Wazee wakaja. Mazungumzo yalikuwa makavu, kwa kuwa mimi, bwana harusi mtarajiwa, nilikuwa kama bubu. Kisha babu yake Kemunto, maana kwetu babu ana ruhusa ya utani, akainuka na kikombe chake, akaufuata ukuta.

“Hapa huyu paka amefungiwa ndani ya pipa,” alisema. “Hapa yuko juu ya paa, anakula samaki. Alitokaje?”

“Labda alisoma chuo kikuu,” mzee mwenzake akajibu, na watu wakacheka.

Jibu lilikuwa upande uliotazama udongo. Katika nyumba ile, ni mimi pekee niliyelijua. Ulimi wangu ukafunguka.

“Alitoboa pipa chini, babu, akalivaa kama gauni, akapita mbele ya mlinzi.”

“Kama gauni?”

“Na akamsalimia.”

Mzee alicheka hadi chai ikamwagika. “Na hapa?” akauliza, akihamia picha iliyofuata. Tulizunguka kuta zote. Nilijisikia nikizungumza, sentensi baada ya sentensi, bila kukagua hata moja.

Aliporudi kitini, aliwaambia wenzake, “Huyu hana wazimu. Alikosa wa kumsimulia.”

Ndugu zangu, namshukuru Mungu aliyeutumia uji wa mama yangu. Nilioa. Tasnifu niliiandika upya. Sanduku lile sasa Kemunto huhifadhia maharagwe. Wewe uliyejifungia na hofu yako ukiikagua usiku na mchana, mkabidhi Bwana; hata akiibandika mahali usipotaka, mtumaini. Na ukipita Nyamira, ingia kwetu. Ukuta bado upo, ingawa moshi umeutia weusi. Simama mbele ya picha yoyote, uniulize kilichotokea.