Bi Mraba na Mteremko wa Darasa la Saba

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, saa nane mchana, Bi Mraba atafuta ubao wake wa mwisho kabla ya kustaafu. Amefundisha hisabati miaka thelathini na minne, ishirini na sita kati ya hiyo hapa kwetu. Jina lake halisi limo kwenye mafaili ya ofisi. Hili alipewa na wanafunzi, kwa jinsi anavyotamka “pembe mraba” kama mama anayemtaja mwanawe.

Alikuja kumshikia mwenzake nafasi kwa miezi mitatu tu. Wiki ya kwanza alipima kivuli cha mwalimu mkuu katikati ya hotuba ya gwaride, ili darasa likokotoe urefu wa mlingoti wa bendera. Hotuba ilikatika. Uwiano ukaeleweka.

Lakini kubwa zaidi lilitokea miaka tisa iliyopita. Msichana mmoja wa darasa la saba alitumia kiti cha magurudumu, na kila asubuhi wenzake walimbeba kupanda ngazi nne za darasa. Alilichukia jambo hilo. Shule ikamwita fundi mwashi, akajenga mteremko wa saruji. Siku ya kwanza kiti kilifika katikati, kikarudi nyuma. Msichana akagoma kuja shule.

Bi Mraba hakumlaumu mtu. Aliingia darasani akauliza, “Kwa nini mteremko mmoja unapandika na mwingine haupandiki?” Wanafunzi wakakata pembetatu za maboksi, ndogo na kubwa, wakasukuma gari la kuchezea juu yake. Wakashangaa: hata pembetatu ikikua, mradi uwiano wa kimo na kitako haubadiliki, ukali ni uleule. Wakatoka na futi kamba kupima saruji. Kimo sentimita sitini, kitako mita mbili na sentimita arobaini. Moja kwa nne!

Fundi aliposikia akaja juu. “Nimejenga miaka ishirini, leo watoto wanifundishe kazi?”

“Hapana, kaka,” alisema Bi Mraba, akimsogezea kiti cha magurudumu alichoazima zahanati. “Panda mwenyewe, utuambie.”

Akajaribu mara tatu, jasho likamtoka, akacheka, akaomba karatasi. Kwa majaribio ya darasa walikubaliana moja kwa kumi na mbili: kitako cha mita saba na sentimita ishirini. Uwanja haukutosha, basi wakaukunja mteremko kwenye kona. Msichana aliporudi, alipanda peke yake. Akashuka, akapanda tena.

Mume wa Bi Mraba anatunong’oneza kwamba banda la kuku la nyumbani lina michoro mitatu tayari. Kuku bado hawajanunuliwa.

Bi Mraba, asante kwa maswali yako, na kwa kuyavumilia ya kwetu. Tunakuombea afya tele, usingizi usiokatizwa na kengele, na kila asubuhi jambo moja usilolijua.