Zadock Masinde Waliaula na Mlango wa Sondu, 1921–1976

Habari zilimkuta Mama Elsie Nasipwondi Jumanne, tarehe 9 Machi 1976, saa mbili asubuhi, akifua shuka alizotoka nazo hospitalini Kisumu. Alikuwa amemuuguza mumewe siku thelathini na nne. Mzee wa kanisa alisimama uani, akavua kofia. Mama Elsie akamwambia, "Najua, Mzee. Ngoja niisuuze hii." Akaisuuza, akaianika, ndipo akaketi chini.

Marehemu Zadock Masinde Waliaula alizaliwa mwaka 1921 karibu na Kimilili, mtoto wa pili wa Mzee Waliaula na Mama Nabututu. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita, akaacha baba yake alipofariki, akajifunza useremala kwa mjomba wake. Mwaka 1948 alifunga ndoa kanisani na Elsie. Mungu aliwajalia watoto watano, mmoja akatangulia.

Mwaka 1953 alihamia Kisumu na kufungua karakana Kibuye. Mwaka 1966 alipata msumeno wa umeme wa kushika mkononi. Mafundi wengi waliusukuma msumeno kama huo kwa kukisia, ukawavuta kando. Yeye alibana ubao ulionyooka juu ya mbao, na kitako cha msumeno, lile bamba lake la chini, kikateleza kikiegemea ubao huo mwanzo hadi mwisho. Kutoka ukingo wa kitako hadi kwenye meno palikuwa na inchi tano, kwa hiyo ubao aliuweka inchi tano kando ya mstari wa penseli. "Msumeno hauna macho," aliwaambia mafundi wenzake, "na wewe ukichoka huna pia." Milango yake iko kuanzia Milimani hadi Awasi.

Alifanya kazi na Bwana Dalmas Ochieng miaka kumi na miwili. Agosti 1969 walitengeneza mlango wa kanisa dogo karibu na Sondu. Dalmas alipima, marehemu akakata. Kazi zilikuwa nyingi na alikuwa amechoka. Aliubana ule ubao juu ya mstari wenyewe, na msumeno ukapita inchi tano ndani. Siku ya kuufunga mlango, mwanga ulionekana chini yake na waumini wakacheka.

"Fundi, huu ni mlango wa watu au wa mbuzi?"

"Muulizeni Dalmas," marehemu akajibu. "Yeye ndiye aliyepima."

Dalmas alimtazama, akachukua koti lake, akaondoka kwa miguu. Hakurudi Kibuye.

Jioni ile marehemu aliokota kipande kilichobaki karakanani. Mstari wa Dalmas ulikuwa juu yake, mahali pake hasa. Alikitia jikoni kikaungua.

Kwa miaka sita na nusu hakumwambia mtu. Alisali, alihudumu kanisani, lakini kazi za upande wa Sondu alizikataa. Kifua kilianza kumsumbua mwaka 1974. Tarehe 4 Februari mwaka huu alilazwa, na huko wodini ndiko alikomweleza mkewe yote. "Nilimsingizia mbele ya watu," alisema. "Siku yangu ya kuzikwa, habari hii isomwe mbele ya watu." Mama Elsie alimwahidi. Ndiyo sababu imesomwa hapa, ingawa kuiandika kumetuchosha moyo.

Ameacha mjane, Elsie, watoto Agneta, Wanyonyi, Rosa na Dorca, wajukuu watatu, na ndugu yake Enos, ambaye Jumapili tarehe 7 Machi alikwenda Awasi kumwita Bwana Dalmas.

Dalmas alikuja siku hiyo hiyo. Alisimama kando ya kitanda, kofia mkononi.

"Dalmas," marehemu akasema, "ni mimi niliyekosea. Na nilijua."

"Omera, ndugu yangu, hata mimi nilijua, siku ile ile. Nilikuwa nakungoja useme."

"Umengoja sana."

"Sana. Na nilikasirika sana. Haya, kunywa uji, umekonda kama fimbo."

Alimnywesha vijiko vinne, cha tano kikamshinda. Wakasali Baba Yetu, Dalmas kwa Kijaluo, marehemu kwa Kibukusu, kila mmoja taratibu ili mwenzake asiachwe nyuma. Kisha Dalmas alimfunika miguu, akampa mkono, akaenda kituo cha basi. Marehemu aligeukia ukuta akalala. Hakuzungumza tena na mtu hadi alipofariki Jumanne alfajiri.

Bwana amempokea akiwa amechoka. Ampumzishe kwa amani.