Dada Aliyegundua Kwamba Maua Huhesabu Giza

Ndugu waombolezaji, marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, akiwa kifungua mimba katika familia ya watoto wawili, baba yao akiwa seremala na mama yao mshonaji. Alianza shule mwaka 1965, akamaliza darasa la saba mwaka 1971 akiwa wa pili darasani, lakini baba alipofariki mwaka huohuo aliacha masomo ili amsaidie mama kumlea na kumsomesha mdogo wake, ambaye ndiye anayewasomea historia hii.

Tarehe 2 Juni 1979 aliajiriwa katika shamba la maua, kazi yake ikiwa kufunika matuta kwa plastiki nyeusi kila saa kumi na moja jioni na kuyafunua saa moja asubuhi, wenzake wakamtania kwa jina la Mama Shuka, kwa kuwa aliyalaza maua kama watoto. Mwaka 1983 alifunga ndoa na fundi bomba wa shamba hilohilo, wakajaliwa mabinti watatu.

Mwaka 1991 matuta ya karibu na lango yaligoma kuchanua, yakarefuka majani matupu, wakubwa wakalaumu mbolea, kisha maji, kisha miche yenyewe, hadi marehemu alipoona tundu kwenye plastiki, usawa wa taa ya mlinzi iliyowashwa kila gari lilipoingia usiku, akaliziba kwa kiraka, na baada ya wiki nane matuta yale yakajaa maua. Jumapili moja, wakiwa mezani kwake, alimweleza mdogo wake, wakati huo ofisa kilimo wa shamba, "Mdogo wangu, maua haya hayahesabu mchana, yanahesabu giza, ukiyamulika usiku hata kidogo yanaanza kuhesabu upya."

Mdogo wake aliandika ripoti, akatia jina lake peke yake, na tarehe 9 Februari 1992 akapandishwa cheo kuwa meneja. Marehemu alipokwenda ofisini kuuliza, mdogo wake alicheka mbele ya wakubwa, akasema, "Dada yangu ni mfunikaji tu, mambo ya kitaalamu atayajulia wapi?" Marehemu alikaza kitambaa chake kichwani, akarudi matutani kwani saa ya kufunika ilikuwa imekaribia, na tangu siku hiyo hakumwita tena mdogo wangu, alimwita bwana meneja, kazini, nyumbani, hata kwenye harusi ya binti yake mkubwa. Kikulacho ki nguoni mwako, alimwambia mumewe mara moja tu, hakurudia.

Alistaafu mwaka 2013, na mwaka 2021 akaanza kusumbuliwa na figo. Tarehe 3 Agosti mwaka huu mdogo wake alipiga magoti kando ya kitanda chake, akaungama yote, akaomba radhi, naye akasema, "Asante kwa kuja, bwana meneja," akageukia ukutani. Alifariki kesho yake, saa nne asubuhi.

Mabinti zake ndio waliotaka historia hii isomwe na mtu huyu, na isipunguzwe hata neno.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopokezana kumpeleka hospitali kusafishwa damu, na wafanyakazi wenzake wa matutani, ambao muda wote walijua ukweli na hakuna aliyewauliza. Ameacha mume, mabinti watatu, wajukuu saba na mdogo mmoja.

Dada, pumzika kwa amani.