Shikamoo ya Kikopo cha Kilimani

Nyuma ya karasha la kusagia mawe, pale Segese, kuna benchi moja lenye wenyewe. Kona ya kulia ni ya Marcel, anayeitwa Satelaiti kwa ajili ya jipiesi yake, kidude cha njano cha kupimia mipaka ya maduara, yaani mashimo ya dhahabu, anachokivaa shingoni hata kanisani. Kona ya kushoto ni ya Eliya, anayeitwa Bando, maana simu yake haijawahi kukaukiwa na intaneti. Katikati hukaa Januari, Mwenyekiti wa kujiteua, na kahawa ni ya Hosiana. Marcel na Eliya walizaliwa mwaka mmoja wa njaa, na tangu wajuane hakuna aliyekubali kuwa mdogo wa mwenzake. Ndiyo maana kila asubuhi hupeana mwangaluka, salamu ya Kisukuma isiyompandisha mtu wala kumshusha. Sasa Eliya aliona kwenye simu mchezo wa dunia nzima: mtu anaficha kikopo, anaweka mtandaoni namba za mahali alipokificha, wenzake wanakitafuta. Kimoja kilifichwa na mgeni kwenye kilima cha hapo hapo Segese. Januari akatoa hukumu: atakayekileta kikopo benchini ataamkiwa shikamoo, mchana kweupe, mbele za watu. Jana wote wawili walipanda kilimani. Leo wamerudi na malengelenge, bila kikopo.

— Nimiminie, Hosiana, alisema Marcel. Kiuno hakipo.

— Si ukubali tu yaishe? Eliya alimchokoza. Jipiesi yako imekuchimbisha mwamba.

— Bebe, wewe, nyamaza! Shimo langu limefika kifuani na bado nashuka. La kwako je?

— La kwangu limepita kifua. Nimeshaweka timba, magogo ya kuzuia udongo usinifukie.

— Timba za nini, Bando? aliuliza Januari. Unatafuta kikopo au unafungua mgodi?

Marcel alicheka, ila cheko halikushuka tumboni. Kuamkiwa na Eliya alikuwa akikuota usiku. Lakini kumwamkia Eliya, mbele ya Hosiana na vijana wa karasha? Bora ahamie Kagongwa akauze mchele.

— Mimi nataka kujua kitu kimoja, alisema Hosiana. Namba ni zile zile. Mbona kila mtu kachimba kwake?

— Kwa sababu simu haijui kitu, Marcel alijibu haraka. Simu inauliza mnara. Mnara nao unauliza mnara wa mbele. Ni umbea mtupu! Jipiesi inaongea na satelaiti uso kwa uso.

— Satelaiti zenyewe za lini hizo? Eliya akadakia. Za zamani, wakati hapa pori. Zinaiona Segese ya fisi. Programu ya simu inajirekebisha yenyewe kila wiki, baba. Jana tu imejirekebisha nikiwa nakula.

— Na hela ya bando ikajirekebisha pia.

— Wala hamjui, wote wawili, alisema Januari, akaweka kikombe chini. Ni dhahabu. Iko pale chini nyingi, inavuta vyombo. Chombo cha njano inakivuta zaidi, maana vinafanana rangi.

— Gashi! alishangaa Hosiana. Kumbe!

Eliya hakukubali kupitwa.

— Ngoja niwaambie. Ardhi yenyewe imehama. Miaka yote hii watu wanachimba huko chini, wanatoa mawe, chini kumebaki tupu. Segese inateleza mdogo mdogo kuelekea Kahama. Kikopo kiko pale pale, ila kilima kimeondoka.

— Kama tunasogea Kahama, mbona nauli haishuki? Hosiana aliuliza, na benchi zima likatingishika kwa kicheko.

Bodaboda ilisimama. Akashuka binti mwenye begi mgongoni na vumbi hadi kwenye kope.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba! waliitikia wote, Marcel akihakikisha ya kwake imetangulia.

— Naitwa Loveness, natokea Mwanza. Naulizia njia ya kilimani. Kuna kikopo nakitafuta, ni mchezo tu.

Marcel alihisi kahawa imegeuka maji mdomoni.

— Binti, alisema Januari, unatumia simu au jipiesi? Sema ukweli, hapa kuna kesi.

— Ninavyo vyote. Vinanifikisha karibu tu, halafu kila kimoja kinasema lake. Pale mwisho natumia macho.

— Macho! Eliya aliguna. Macho yataona vipi chini ya ardhi? Sisi tumechimba mpaka kifuani.

Loveness alimtazama, akamtazama na Marcel, akaona malengelenge.

— Kwani nani aliwaambia kimefukiwa?

Marcel alitazama malengelenge yake. Ujana wake wote na uzee wake unaoanza, kitu kikisemwa kimefichwa Segese, watu huchukua sururu. Kuuliza hakukumjia akilini hata kidogo, na aliona aibu hadi masikioni.

— Mchezo huu hauruhusu kufukia, Loveness alisema kwa upole. Haya, ngoja nikaangalie.

Hosiana alimwonyesha njia, binti akapanda. Marcel alitaka kumfuata, lakini kiuno kilikataa. Eliya aliinuka nusu, akakaa. Hosiana hakuwa amemaliza kuwamiminia awamu ya pili binti alipotelemka, mkononi ana kikopo cha plastiki kilichozungushiwa utepe wa gundi.

— Kilikuwa kwenye panda ya mti, katikati ya yale mashimo mawili. Kuna shati mtu kalisahau, limekifunika. Nimewaletea mkione, kisha nakirudisha.

Marcel alikumbuka alikotundika shati lake jana, asiseme.

— Mwenyekiti, Hosiana aliita, sauti imejaa sukari. Si ulisema atakayekileta benchini? Hukutaja jina la mtu.

— Sikutaja, Januari alikiri, akikwepa macho ya wazee wenzake.

Vijana wa karasha walishazima mashine na kusogea. Marcel alimtazama Eliya na kwa mara ya kwanza alimwonea huruma, kwa sababu uso ule ulikuwa kama wake. Wakasimama. Wakavua kofia. Sauti zikatoka pamoja, hakuna iliyotangulia wala iliyofuata:

— Shikamoo.

Loveness alirudi nyuma hatua moja, akapiga goti kwa mazoea, akainuka tena kwa kuchanganyikiwa.

— Jamani, wazee wangu, alisema, machozi yakimlenga. Sasa mimi naitikiaje?

Marcel alimtazama Eliya, Eliya akamtazama Mwenyekiti, Mwenyekiti akachungulia ndani ya kikombe kitupu. Hosiana akaanza kukusanya vikombe.