Mama Fungua, Aliyehesabu Meno na Kumbukumbu za Wazee

"Bibi, yule mzee amekwenda wapi?"

Swali hilo marehemu aliulizwa mwaka 2016, kwenye ngazi za nyumba ya ghorofa, na mjukuu wake wa mwisho aliyekuwa na miaka minane. Walikuwa wametoka kumtembelea tarishi mstaafu wa posta. Kila mwaka, tangu 1999, tarishi huyo alimpokea Bibi kwa utani ule ule: "Karibu, mwizi wa meno. Leo umekuja kuchukua lipi?" Siku hiyo alimtazama kama mtu anavyotazama ukuta. Alifungua mdomo alipoambiwa afungue, akafunga alipoambiwa afunge. Binti yake akawasindikiza hadi nje, akaurudisha mlango taratibu.

"Si yuko ndani," Bibi alisema. "Umemwona mwenyewe."

"Yule mwingine. Anayekutania."

Bibi alishuka hadi chini. Barabarani akahamisha mfuko wa vifaa kutoka bega hili kwenda lile, akasema, "Hilo sijalifanyia utafiti."

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1948, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa tatu wa fundi bomba na mkewe. Mama yake alipoteza meno ya mbele kabla ya kufika miaka thelathini, na tangu hapo akawa anacheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Bibi alikuwa akisema kwamba kicheko cha mama yake hakuwahi kukiona, alikisikia tu. Wanaotaka kujua kwa nini mtoto wa fundi bomba aliamua kuishi akichungulia midomo ya watu, waanzie hapo.

Alianza shule mwaka 1956. Huko alijulikana kwa mambo mawili, hesabu na kutojua kunyamaza. Akiwa darasa la sita alimwambia mwalimu wa hesabu, mbele ya wenzake wote, kwamba jino lake la nyuma limeoza, kwa kuwa harufu inatoka upande mmoja. Alipigishwa magoti nje hadi kengele ya mwisho. Wiki iliyofuata mwalimu hakuonekana, na aliporudi shavu lilikuwa limevimba kama amehifadhi ndani yake embe zima. Hakumwomba radhi, lakini toka siku ile akawa anamwita "daktari", kwanza kwa kejeli, baadaye si kwa kejeli. Mwaka 1969 Bibi alijiunga na chuo cha udaktari wa meno, mmoja wa wanawake wawili tu darasani, akahitimu mwaka 1973.

Mwaka 1974 aliajiriwa hospitalini, chumba namba sita, chenye kiti kimoja cha wagonjwa, taa yenye shingo ndefu na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Huko ndiko alikopata jina la Mama Fungua. Alikuwa haanzi na salamu, anaanza na "fungua", na salamu inafuata wakati mgonjwa hawezi tena kuijibu.

Ndoa nayo ilianzia kwenye kiti hicho. Mpimaji wa ardhi mmoja alikuja kung'olewa gego, na ganzi ilipoanza kumtoka akadai apewe jino lake. Akaambiwa jino likishang'olewa linabaki hospitali. Akasema, "Basi na mimi nibaki." Walifunga ndoa tarehe 21 Agosti 1976, wakajaliwa watoto wawili. Babu anasema miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kupiga miayo bila kukaguliwa.

Mwaka 1999 marehemu aliingia katika kazi aliyoipenda kuliko zote: utafiti wa wazee. Kila mwaka, yeye na msaidizi wake, ambaye yuko hapa leo, walikwenda nyumba kwa nyumba. Bibi alikagua meno na fizi za mzee, kisha akamtajia maneno matano: ndoo, kioo, limau, shoka, tarumbeta. Wakazungumza mengine kidogo, habari za magoti na za wajukuu, halafu akamwomba ayarudie. Alitaka kujua kama wanaopoteza meno hupoteza na kumbukumbu mapema zaidi.

Katika nyumba alizozitembelea yeye, wenye meno machache walirudisha maneno machache. Lakini alikasirika sana mtu alipokimbilia kusema kwamba meno ndiyo yanayokumbuka. Huenda fizi zilizooza huudhuru mwili mzima, alisema. Huenda asiyeweza kutafuna anakula vibaya. Huenda pia aliyeanza kusahau anausahau mswaki kwanza, na meno yakafuata. "Mtu akikuletea jibu moja la haraka," alimwambia mjukuu wake, "shika mfuko wako."

Utafiti ulikuwa na utaratibu wake. Mzee akishindwa kabisa kujibu maswali, alitolewa katika hesabu na hakutembelewa tena. Bibi aliufuata utaratibu huo. Kwa yule tarishi hawakurudi.

Alistaafu mwaka 2008, akabaki kuziba meno ya wajukuu na kuendelea na utafiti hadi ulipofungwa mwaka 2017.

Dalili zilianza mwaka 2019. Miswaki ilikutwa kwenye friji. Jumapili moja alikwenda hospitali ya zamani akakaa mbele ya chumba namba sita, mfuko wa vifaa magotini, mpaka mlinzi akamrudisha nyumbani. Binti yake, ambaye ni muuguzi, aliwaita wote sebuleni akamkalisha.

"Mama, nitakutajia maneno matano, halafu..."

"Ndoo, kioo, limau, shoka, tarumbeta," Bibi akajibu kabla hajatajiwa hata moja. "Usinifundishe kazi yangu."

Sebule nzima ikacheka, na kilikuwa kicheko cha watu walioshusha mzigo. "Huyu anatuzidi akili sote," alisema mwanawe, mwalimu wa kemia. "Ni ukaidi tu, na huo kazaliwa nao."

Hivyo ndivyo familia ilivyopotea njia. Kwa miaka miwili, kila kitu kilipokwenda kombo, mtu alimwuliza yale maneno, naye akayatoa kama maji ya bomba, na kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Wajukuu wenyewe waliruka kamba kwa maneno hayo. Hakuna aliyewaza kwamba mtu aliyeyatamka nyumba hadi nyumba kwa miaka kumi na minane anaweza kuipoteza njia ya chooni kabla ya kuyapoteza.

Mwaka 2021 msaidizi wake alikuja kumjulia hali. Bibi akamkaribisha chai, na kabla hajaimaliza akamkaribisha tena, na tena. Msaidizi akaweka kikombe chini.

"Daktari, leo tufanye na mengine. Kiatu, mvua, kalamu, mkeka, ndizi."

Wakazungumza habari za magoti yake. Kisha akamwomba ayarudie. Bibi aliitazama mikono yake muda mrefu.

"Umebadilisha," akasema.

"Nimebadilisha, daktari."

"Nilijua kuna siku mtu atabadilisha."

Binti yake akainuka kwenda jikoni, na kilichosikika kwa muda mrefu ni bomba likimwaga maji. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini Bibi hakumdanganya mtu. Kila jibu alilolitoa lilikuwa sahihi.

Tangu mwaka huo akawa anakaa karibu na dirisha la sebule, akiwa na kiti kingine mbele yake, na kwenye kiti hicho alikuwa na wageni ambao watu wengine hawakuwaona. "Mama mshonaji, fungua. Zaidi. Mswaki unapigia wapi, ndotoni?" Alisubiri jibu, akaitikia kwa kichwa, wakati mwingine akacheka kwa jambo aliloambiwa. Kisha akamwita mwingine. Mpishi wa bweni. Fundi wa saa. Tarishi. Mto wa kiti hicho ulikuwa umebonyea kama umekaliwa na mtu hata siku ambazo hakuna aliyekikalia, na watoto wadogo wa jirani walipita mbali nacho bila kukatazwa.

Familia ilidhani anawaita wazee wowote anaowakumbuka. Msaidizi wake alipokuja tena, akasikiliza akiwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, na hakuketi. Alisema anawafahamu wote wanaoitwa. Wote walikuwa wale walioshindwa kujibu, ambao utafiti uliacha kuwatembelea. Wengi wao walikuwa wameshafariki. Bibi hakumwita hata mmoja kati ya wale waliojibu hadi mwisho.

Mjukuu alimwuliza Babu kama haogopi kukaa sebuleni.

"Niogope nini?" Babu alijibu. "Wamekuja kwa miadi."

Siku ambazo kiti kilikuwa kitupu na Bibi anahangaika, Babu alikwenda akakikalia mwenyewe. "Naam, daktari," alisema, akafungua mdomo. Alishakuwa tarishi, akawa mpishi. "Leo nilikuwa mshonaji," aliwaambia wajukuu wakitoka shule, "na uzi kwenye sindano siuoni."

Yeye aliyewafundisha watu kwamba mzee anayesahau anahitaji mkono wa pili kwenye mswaki, akawa anapigwa mswaki na binti yake asubuhi na mjukuu wake yule wa mwisho jioni. Alimng'ata mjukuu mara moja, akamwomba radhi kama mtu asiyemfahamu: "Samahani, binti, nilidhani ni mtu mwingine." Kuna waliouliza hapa msibani, kwa sauti ndogo, mbona marehemu aliondoka na meno yake karibu yote. Angewajibu kwamba mtu mmoja si utafiti.

Mwishoni mwa Aprili 2025 alilazwa kwa homa ya mapafu. Alifariki Ijumaa, tarehe 9 Mei 2025, saa nne asubuhi, Babu akiwa amemshika mkono na binti yake akiwa amesimama miguuni pa kitanda.

Ameacha mume, watoto wawili, wakwe wawili, wajukuu watano na dada mmoja. Ameacha pia wagonjwa wengi ambao hawajawahi kumwona bila barakoa na wanamjua kwa macho tu. Familia inamshukuru msaidizi wake kwa kubadilisha maneno, na wauguzi wa wodi kwa kusafisha kinywa chake hadi siku ya mwisho bila kukumbushwa. Mwenyezi Mungu amlaze mahali patulivu, pasipo na wa kumjaribu kwa maneno matano.

Limebaki jambo moja, ambalo Babu aliruhusu lisomwe.

Jumapili mbili kabla ya kulazwa, mjukuu alikuwa anampiga mswaki Bibi karibu na lile dirisha. Kwa muda wa mwezi mzima Bibi hakuwa ametamka neno. Akamshika mjukuu kifundo cha mkono, akautoa mswaki mdomoni, akasema, "Fungua."

Mjukuu akafungua. Bibi akachungulia ndani kwa utulivu, akamgeuza kidevu kuelekea mwanga, kisha akaingiza kidole hadi kwenye gego la chini kushoto na kulipapasa juu.

"Hili nililiziba mimi," akasema. "Ulikuwa darasa la tatu. Ulilia."

Mjukuu akaitikia kwa kichwa.

Kidole chake kikabaki pale pale. Macho yake yalihama kwenye jino yakapanda hadi usoni, na uso huo akautazama kama mtu aliyeushika kwa muda na anajua hautakaa.

"Uliniuliza yule mzee amekwenda wapi."

Mjukuu hakuweza kusema kitu, mdomo ulikuwa wazi.

"Hakwenda popote," Bibi akasema. "Ni sisi tuliotoka."