Betri ya Pili Haijaonekana

Ndugu, jamaa na majirani, binti yetu, ambaye wengi mlimwita Mkaguzi, alizaliwa tarehe 14 Juni 2021, mtoto wa kwanza wa fundi viatu na mshona nguo, na jina hilo alipewa na babu yake, kwa sababu hapakuwa na sufuria iliyofunikwa ambayo hakutaka kujua ndani mna nini.

Masomo aliyaanza Januari mwaka huu, chekechea, akachagua kiti cha karibu na mlango ili aone nani amechelewa. Kazi yake ilikuwa kupanga viatu vya wageni, kila kimoja na mwenzake, na aliyetaka kuondoka bila kuaga alimkuta amevikalia. Kuhusu ndoa, alishatangaza kuwa mume wake ni kinyozi wa jirani, naye kinyozi alikubali, mradi mchumba aache kwanza kunyonya kidole. Watoto hakujaliwa, ila mdogo wake anayetambaa alimwita mwanangu.

Tarehe 3 Machi rimoti ya redio ilianguka ikafunguka, betri zake mbili, bapa kama vifungo vya koti, zikatawanyika, na hakuna aliyezitafuta. Jioni akaanza kutokwa udenda na kukataa chakula, bibi akasema ni koo tu, mama akampa maji ya vuguvugu, akambembeleza alale. Asubuhi picha ya hospitali ilionyesha duara kifuani, tukashusha pumzi tukidhani ni sarafu, lakini daktari alipoona ukingo wake una mistari miwili, ambayo sarafu haina, alimbeba mwenyewe mbio, akaingiza mpira wenye kamera kupitia mdomoni, akaitoa betri, ikiwa imeshaunguza njia ya chakula. Tarehe 12 alirudi nyumbani, akanywa uji, akarudi kwenye viatu vyake, nasi tukacheka. Tarehe 19, kiatu kikiwa mkononi, alitapika damu, na ingawa madaktari waliuingiza tena mpira ule, kidonda kilikuwa kimeufikia mshipa mkubwa, akafariki saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mwalimu wake, kinyozi aliyefunga duka, mafundi wenzake baba, na majirani mliotufagilia nyumba. Picha ilionyesha betri moja tu. Ya pili tumeitafuta chini ya vitanda, ndani ya magodoro, haijaonekana, na mama yake kila mara mdogo wake Mkaguzi akisinzia hupiga magoti, akapapasa sakafu kwa viganja, chumba baada ya chumba. Kwa hiyo tunawaomba, wenye watoto wabebeni, msiwaache watambae ndani, na mkiondoka kung'uteni viatu vyenu mlangoni.

Pumzika kwa amani, Mkaguzi, zamu yako tumeipokea.